Nauli ya Kurudi

Ndege ilikupeleka bure. Nauli ya kurudi ndiyo iliyopanda kila ulipopigiwa simu kutoka mji wako, na kushuka watu wakinyamaza, maana shirika lilijua kuwa anayekumbukwa hugharamiwa.

Kwa hiyo Rukia na mumewe Mshamu waliahidiana kutopigiana simu mpaka mume arudi Tanga kutoka safarini. Rukia alijikaza miezi miwili, lakini nauli ya Mshamu ilipanda kila Ijumaa.

“Nani anampigia?” alimuuliza jirani yake Tunu, wakipepeta mchele.

“Shirika hilo ni wezi tu, shoga! Hujui rahisi huvunja upishi?” Tunu alicheka. “Vumilia. Hata kile kikohozi chake si kimeshapona?”

Ungo wa Rukia ulisimama. Mshamu alipanda ndege akiwa mzima, bila kikohozi chochote.