Swichi ya Chumbani kwa Bi Mize

Siku hizi swichi na milango ya nyumba hutii vidole vya walioandikwa tu, na anayeandika ni mwenye nyumba. Bi Mize alibonyeza ya chumbani kwake mara tatu, taa kimya. Fundi Makame akabadilisha balbu, akakaza nyaya, kisha akabonyeza kwa kile kidole cha mpira cha mafundi. Taa ikawaka.

“Swichi nzima, bibi,” akanong'ona. “Jina lako limefutwa.”

“Hebu wee! Haji, mwanangu wa kumzaa, anifute mie?”

“Usitoke nje, nakuomba. Ukishatoka, mlango hautakufungukia tena.”

Bi Mize akaketi kitandani. Kutoka barazani Haji akaita kwa upole: “Mama, njoo huku nje upunge upepo kidogo.”