Kigingi Kwenye Mikaratusi

Déo aliposikia tena nyayo nyuma yake, hakugeuka. Alipigilia kigingi ardhini, akakifunga utepe mwekundu, kisha akajifanya anasoma ramani.

Alikuwa mpima ardhi wa ofisi ya mji, hapo Kitshanga. Mpango wa zamani ulichorwa wakati kilima hiki kilipokuwa malisho ya ng'ombe. Sasa, juu ya mikaratusi iliyoziba macho katikati ya mteremko, kilikuwa kimejaa nyumba za watu waliokimbia vita, zimebanana bila njia. Mpango mpya ulitaka barabara pana ipande hadi kileleni, ambako viwanja vya nyumba mpya vingepimwa. Nyumba zilizokuwa kwenye mstari zilipaswa kuondoka. Kazi ya Déo ilikuwa kuonyesha mstari.

Mwenzake Ndayambaje alikuwa amepigwa mawe kwa kazi hiyo hiyo, katika mtaa mwingine. Bado alikuwa amelazwa hospitalini, taya limefungwa. Na polisi aliyepewa Déo kumsindikiza alifika chini ya kilima asubuhi ile, akatazama juu, akasema pikipiki yake ina shida, akarudi.

Mwishowe aligeuka. Katikati ya shamba la maharagwe alisimama Papa Mbonigaba, shefu wa kartiye, yaani mkuu wa mtaa ule, panga mkononi. Vumbi lilikuwa limemjaa kwenye nywele na nyusi. Nyuma yake walikuwepo wanawake wenye majembe na mwanamume mwenye nyundo kubwa. Hakuna aliyemsalimia, na pale Kitshanga hata adui husalimiwa.

"Jambo, papa," alisema Déo.

"Jambo. Endelea na kazi yako."

Akaendelea. Nao wakaendelea. Kila aliposimama kupigilia kigingi, walisimama. Kila alipoondoka, walikuwa wameongezeka. Kutoka nyuma ya mikaratusi ilikuja sauti ya mabati yanayogongwa, kama watu wanavyoyagonga kuitana wavamizi wakiingia. Mwanamke mmoja alishuka mbio na mlango kichwani. Mwingine alibeba godoro. Wanahamisha vitu vyao, aliwaza Déo. Wanajua kitakachofanyika hapa, hawataki kukiona.

"Papa, huko juu iko nini?"

"Utaona."

Mama Mukasine, mke wa Mbonigaba, alimsogelea. Kichwani alifunga kitambaa cheusi.

"Weye njo ulichora hii barabara?"

"Ni ofisi, mama. Mimi ninapima tu."

"Mutoto yetu Uwingabire alikufa sababu ya hii barabara," alisema mama, bila kupaza sauti. "Tulimuzika jana."

Déo alikitazama kile kitambaa cheusi. Alikwisha kusikia habari za watu ambao moyo ulisimama siku walipoambiwa nyumba yao itabomolewa. Basi kaburi lilikwisha kuchimbwa, na mwenye vigingi alikuwa yeye.

Alifika kwenye mikaratusi, mahali njia inapopinda. Hapo ndipo kigingi kikubwa kilipotakiwa kukaa. Nyumba zilianzia nyuma ya kona. Watu walikuwa wamemzunguka. Mbonigaba alisogea hadi Déo akasikia harufu ya jasho lake.

"Enjenyeri, sema mbele ya wote. Barabara itapita fasi gani?"

Déo aliona akilini taya la Ndayambaje lilivyofungwa. Alimkumbuka mke wake Valérie, aliyemsihi asubuhi ale maharagwe kwanza, naye akamjibu vibaya.

"Haitapita huku," alisema. "Tumebadilisha. Itazunguka kule bondeni. Nyumba zenu hazitaguswa."

Hakuna aliyetikisika. Aliona kwamba hawamwamini. Akatoa simu, akampigia mkuu wake, akaifungulia sauti ili wote wasikie.

"Shefu, huku kilima kinaporomoka. Udongo ni mubaya sana. Ondoa huu mustari mu mupango."

"Uko na hakika? Gari inapeleka dosiye ya mupango Goma sasa hivi. Ikishapita pale, ni miaka mbele ya kuifungua tena."

"Niko na hakika. Ondoa."

"Sawa. Nimeshaondoa."

Déo alirudisha simu mfukoni. Alijua kwamba ameokoka, kwa sababu panga lilikuwa limemtoka Mbonigaba mkononi na mzee hakuinama kuliokota. Mama Mukasine alikuwa ameketi chini, kwenye majani, mikono kichwani.

"Kuya uone," alisema Mbonigaba.

Walimpisha. Déo alizunguka mikaratusi.

Nyuma ya kona, kwenye mstari, hapakuwa na nyumba. Palikuwa na njia pana iliyonyooka hadi kileleni, mbao na mabati yamepangwa pembeni, watoto wameketi juu ya magodoro. Mbali kule juu, wanaume wawili walikuwa bado wanabomoa ukuta wa mwisho.

"Nyumba ya kwanza kuvunjwa ilikuwa yangu," alisema Mbonigaba. "Mutoto yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa, gari ya hospitali ikashindwa kupanda, akatufia mu tipoyi, tukimubeba mabegani. Njo tukavunja sisi wenyewe, ili ukuye ukute barabara iko na fasi."