Spotilaiti za Kwenda Rombo

"Fundi, taa zako ni giza tupu."

Ilikuwa mara ya tatu kwa mzee Heriel kurudi na malalamiko hayo hayo kuhusu spotilaiti, taa kali za mbele alizofungiwa hapo. Awadhi hata chai alikuwa hajanywa. Mafundi umeme wa magari wamejaa hapa Gerezani, jirani na soko la Kariakoo. Jina lako likichafuka leo, kesho mteja yuko kwa mwenzako.

"Shikamoo, mzee. Si ulisema zinawaka vizuri?"

"Marahaba. Kuwaka zinawaka, ila hazifiki popote. Jana usiku nilifika nazo Magomeni tu, nikageuza kwa woga."

Awadhi alifungua boneti ya Landkruza bila ubishi. Mara ya kwanza alidhani waya ni mwembamba, akavuta mwingine mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mara ya pili alibadilisha rilei inayopeleka umeme kwenye taa, akakwangua rangi ya bodi pale alipofunga waya wa ethi mpaka chuma kikaonekana. Sasa alibakiwa na jibu moja, lile ambalo kila mtu wa Kariakoo hulifikia mwishowe: spotilaiti zenyewe ni feki.

Mteja mwingine angemwambia avumilie. Kwa huyu roho ilimsuta. Desemba iliyopita mzee Heriel na mkewe, Severa, walifunga duka lao la vyombo wakaenda kula Krismasi kwao Rombo, kama Wachaga wenzao wote wa mjini. Giza likawakuta njiani. Lori bovu lilikuwa limeachwa barabarani bila taa, mzee akaliparamia. Yeye alitoka na michubuko. Severa hakutoka.

"Taa zangu zilikuwa hafifu," ndivyo alivyomweleza kila aliyekwenda kumpa pole. "Zingekuwa na nguvu ningeliona lile lori. Mke wangu kauawa na taa."

Na sasa Desemba imerudi. Misa ya kumbukumbu ilikuwa Jumamosi, na safari hii abiria wake alikuwa Leticia, binti yake wa pekee. Kwa foleni za mwezi huo, hata ukiondoka alfajiri, giza litakukuta tu.

Awadhi na mzee wakaenda dukani kwa Abdulrazak, muuza spea aliyeuza taa zile, wakamwambia ni feki.

"Mangi, nitukane mimi, usitukane mali yangu," Abdulrazak alimfokea mzee. Lakini habari ya Severa aliijua, kwa hiyo hasira haikudumu. Akashusha boksi kutoka rafu ya juu kabisa. "Hizi wanafunga watu wa porini. Hizi nazo zikikushinda, mimi nafunga duka."

Awadhi alizifunga mchana kutwa. Kawaida yake hufunga kazi magharibi ikiingia, na majaribio yote alikuwa ameyafanya juani. Leo aliapa kubaki ajionee mwenyewe. Bahati, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima.

Mzee Heriel alikuja na binti yake giza lilipokwisha kuingia. Alipokuwa akizunguka gari apande, alilipiga teke boksi la spana, vyuma vikatawanyika.

"Mnaacha vitu njiani hivi!"

Leticia aliinama akaviokota. Mzee akakaa kwenye usukani, Awadhi akaketi kando yake.

"Leticia," mzee aliita dirishani, "nenda kasimame kule mwisho, kwenye ukuta wa godauni. Nikikuona, kesho tunaondoka. Nisipokuona, humu sikupandishi. Siwezi kuzika wawili."

"Sawa, baba."

Awadhi alitaka kumwambia pole, akaona pole yenyewe ameshaambiwa mwaka mzima na haijamsaidia. Alisubiri nyayo za Leticia zipotelee mbali, kisha akabonyeza swichi.

Mtaa mzima ukafunguka. Wachukuzi walijikinga macho kwa viganja, mwenye mkokoteni akatukana. Mama aliyekuwa akikunja turubai lake alisimama kushangaa. Kule mwisho Leticia alikuwa ameegemea ukuta, mikono yote miwili juu, anapunga, na Awadhi aliyaona hata maua ya gauni lake. Furaha ilimjaa kifuani. Mtoto wa watu atasafiri salama, na jina la fundi limepona.

Akageuka ampongeze mzee.

Mzee Heriel alikuwa ameinamia usukani, macho ameyakodoa, uso karibu uguse kioo, anasubiri.

"Huyu mtoto naye," alinung'unika. "Mpaka sasa hajafika tu?"