Kiti Barabarani

Binti yangu Charlene alikinyanyua kiti cha jikoni kutoka barabarani. Hapa Chicago, ukishazoa theluji, kiti ndicho kinachokulindia nafasi ya kuegesha gari. Ukikitoa, umehama.

“Panda gari, Mama. Houston hakuna theluji, na kodi ni nusu ya hii.”

“Hapa treni inanifikisha hospitali kusafishwa damu. Huko, wewe ukiwa kazini, nani atanipeleka mara tatu kwa wiki?”

“Mwenye nyumba kashabadilisha kitasa, Mama. Tutalala kwenye kiti hiki?”

Chuma cha kiti kilikuwa kimeganda. Kiganja cha Charlene kilinata, akakibandua taratibu, ngozi kidogo ikabaki.

“Nani atanipeleka, Charlene?”

Alinifungulia mlango wa gari. Jirani alikuwa ameshaegesha pale petu.