Soya ya Bi Mwanakheri

Tangu nyama ipigwe marufuku, Bi Mwanakheri alipika soya. Jioni ile aliikaanga kwa tangawizi na kitunguu saumu, akachanganya na karoti, hoho na kabichi, kisha akamlisha mumewe aliyepooza.

"Hii ni ng'ombe kabisa," mzee alisema, akitabasamu.

Jirani naye alisikia harufu, akadhani ni nyama, akaita askari.

"Ni soya, wanangu. Onjeni," Bi Mwanakheri aliwasihi.

Askari wawili walionja, wakatazamana. Walikuwa vijana ambao hawakuwahi kula nyama maishani mwao.

"Sasa sisi tutajuaje, bibi?" mmoja aliuliza kwa upole, huku akimfunga pingu.

"Na huyu mzee, nani atamlisha?" Bi Mwanakheri aliuliza.

Walimtoa nje, wakafunga mlango.