Jani la Mlimani

Mjane alilifikicha jani kwa vidole, akalisogeza puani, akafumba macho.

Tangu alipougua masika, pua yake ilikuwa pambo tu. Na huko mlimani, mmea wa chai yao ya nyumbani una pacha wake, mwenye majani yaleyale, anayevuruga tumbo. Kinachowatenganisha ni harufu. Asiponusa leo, kazi ya kuchuma atamwachia mkaza mwana wake moja kwa moja.

"Mama, tuseme ndilo, tushuke," alisema mkaza mwana. "Miguu inanilalamikia."

"Miguu yako ina domo kama mwenyewe. Subiri."

Alifikicha tena mpaka utomvu wa kijani ukajaa kwenye mikunjo ya vidole. Akamwomba Mungu kimoyomoyo, akavuta pumzi.

Harufu kali, chungu, ikampanda puani. Machozi yakamlengalenga.

"Silo," alisema, akalitupa. Akachuma kwenye kichaka cha pili, akanusa taratibu, kama anayesalimiwa na mtu aliyemdhania kafa. "Hili ndilo. Na wewe, mwanangu, jana ulikaanga samaki, hukunawa vizuri."

Mkaza mwana alinusa kiganja chake. Alipoinua macho, mama mkwe alikuwa keshapanda mbele, akinusa kila kitu njiani, hata mawe.