Sikio la Ukutani

Siku hizi kila nyumba ina Sikio, kile kipimasauti cha ukutani, na noti yoyote ya muziki iliyokosewa humezwa kabla haijamfikia mtu. Tangu mwezi uliopita na mazungumzo yamo: sauti inayotetemeka haipiti.

Mshamu alikuwa akimenya viazi, roho ikimuuma kama mtu aliyeletewa mke mwenza. Mbele yake mkewe, Siwatu, alikuwa akivuta pumzi kwenye harmonika, akijaribu kuipinda noti ishuke taratibu. Mashavu yalibonyea, jasho lilimtoka, lakini chumba kilikuwa kimya. Mshale wa Sikio tu ulichezacheza ukutani, na Siwatu akiuchekea kama mwari. Mwishowe ikatoka noti moja, safi, ya kuliza.

"Nzuri," Mshamu alisema. "Ila nataka na zile ulizokosea."

"Za nini, Baba Salha? Nzuri zote nakupa wewe."

"Na mbaya anapewa nani?"

Siwatu aliutazama ukuta. "Yeye hanicheki."

Mshamu hakukumbuka kumcheka hata siku moja. Lakini hakukumbuka pia ni lini mara ya mwisho alimsikia akikosea. Siwatu akampa mgongo, akarudi kwenye mazoezi. Mshamu akaweka kisu chini, akaita kwa sauti iliyotetemeka kwa wivu, "Mama Salha!"

Mshale ukaruka, ukaangukia kwenye wekundu.

Akaita tena, kwa nguvu zote. Siwatu, aliyekuwa karibu kiasi cha kuguswa, alifuta harmonika kwa ncha ya kanga, akaendelea kuuchekea ukuta.